Shangazi Mwiko na Ndimi za Kuazima

Mara ya kwanza Fundi Saa kumwona Shangazi Mwiko, mama huyo alikuwa ameinamisha sikio juu ya sufuria, macho kayafumba, mkono mmoja kauinua ili watu wote waliokuwa jikoni wanyamaze. Wakanyamaza. Kikabaki kitu kimoja tu cha kusikiliza: vitunguu vikikaangika katika mafuta kidogo.

"Bado vina kelele," alisema. Akangoja. "Haya, sasa vinanong'ona. Nani ana karoti?"

Mtu akampa karoti. Fundi Saa alibaki pale mlangoni, chombo cha chakula kakikumbatia kifuani kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake. Yeye mwenyewe alikuwa na sikio. Watu walimletea saa iliyosimama, akaiweka sikioni, akaitikisa kidogo, akajua ugonjwa wake kabla ya kufungua kifuniko. Lakini kusikiliza vitunguu? Hilo hakuwahi kuliona, na alijikuta amesahau kupiga hodi.

Asingefika pale kama si shemeji yake. Fundi Saa alikuwa mtu wa aibu tangu utotoni. Kibandani kwake alifanya kazi nyuma ya kidirisha kidogo, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, na wateja walikwishamzoea: unaeleza shida ya saa yako, anaitikia "mm," unarudi siku nyingine unaikuta nzima. Maneno yote ya nyumbani yalikuwa ya mkewe. Mkewe, Mama Cheko, alicheka mpaka jirani wa mtaa wa pili akauliza kuna nini, na aliongea kwa niaba yake mwenyewe, ya mumewe, na ya kuku bandani.

Kisha kiharusi kikamkuta akianika nguo. Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, upande mmoja wa mwili umelegea, maneno yamebaki machache na mazito. Hata hayo Fundi Saa aliyashukuru. Kilichomtisha ni koo. Muuguzi alimweleza kwamba kumeza, kitu anachokifanya mtu bila kufikiri, ni kazi ya misuli mingi inayopokezana kwa zamu. Mmoja akichelewa, chakula kinaacha njia yake na kuingia kwenye njia ya pumzi. Fundi Saa, aliyetumia maisha yake kutazama magurudumu madogo yakipokezana, alisikiliza hayo mwili ukimsisimka. Kumbe kila mtu anayepita barabarani akitafuna andazi amebeba shingoni mashine namna ile!

Muuguzi aliendelea. Chakula kiwe laini kabisa, kisiwe na vipande. Chumvi iwe mbali, maana presha bado iko juu. Akataja na namna ya kumkalisha, na uzito wa chakula chenyewe. Fundi Saa akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, huku nusu ya maneno ikimpita, kwa kuwa aliona haya kumwambia mtu aliyevaa sare arudie.

Na sasa Mama Cheko alikuwa anakonda. Kila kijiko kilipokaribia aligeuza uso. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba wakirudi kliniki na uzito ukawa umeshuka tena, itabidi awekewe mpira wa kulishia kupitia puani. Mama Cheko aliposikia hivyo alimshika mumewe mkono wa shati kwa ule mkono wake mzima, akatikisa kichwa, akatikisa, mpaka machozi yakamtoka. Siku ya kliniki ilikuwa inakaribia.

Shemeji mtu, dada wa Mama Cheko, alikuwa amehamia kwao kusaidia kumwogesha na kumgeuza mgonjwa. Jikoni hakuingia. Fundi alikataa katakata, akisema atampikia mkewe yeye mwenyewe. Asubuhi ile shemeji alifunua sufuria, akachungulia, akarudisha kifuniko.

"Shemeji."

"Mm."

"Hiki ni chakula au ni rangi ya geti?"

"Kina kila kitu humo. Viazi, kuku, mboga, karoti."

"Naona. Wote wamezama, hakuna aliyeokoka." Akamtilia chakula kile kwenye chombo, akakifunga vizuri. "Nenda kwa Shangazi Mwiko. Leo wanakutana. Usiponiambia umekwenda, nakwenda mimi nawaambia wewe unaogopa wanawake wenye miiko."

Ndiyo maana alikuwa pale mlangoni.

"Ingia, baba, mlango hauli," Shangazi Mwiko alisema bila kugeuka. "Weka chombo chako mezani pamoja na vya wenzako."

Jiko lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa la bati. Palikuwa na meza ndefu iliyotupwa na shule, mguu mmoja umeungwa kwa ubao wa rangi nyingine, na mabenchi mawili. Sufuria zilining'inia ukutani kwa kufuatana, kutoka ile ya kuogeshea mtoto hadi ile ya kuchemshia yai moja. Waliokaa pale walikuwa watu waliokatazwa vitu, au waliokuwa na mtu wao nyumbani aliyekatazwa. Mtaani waliitwa Baraza la Wanyimwa, na wao wenyewe walilipenda jina hilo.

Desturi yao ilikuwa moja. Ulikuja na chakula ulichopika nyumbani kwa ajili ya mgonjwa wako, kile kile, si cha kuonyesha. Mtu mwingine alifumba macho, akalishwa kijiko bila kuambiwa ni nini. Kisha akaeleza.

Kinyozi wa pale njia panda, mwenye kisukari yeye mwenyewe, alikuwa amefumbishwa macho wakati huo. Aliyemlisha alikuwa mwalimu wa chekechea, ambaye baba yake ana ugonjwa wa figo.

"Mm! Kitamu," alisema kinyozi.

"Sikukuuliza kama ni kitamu," Shangazi Mwiko alimkata. "Kitamu si habari. Kimeanza nini?"

"Kimeanza... kitunguu saumu. Kilichokauka motoni kidogo."

"Kikafuata?"

"Kiazi. Halafu ndimu, lakini kwa mbali, kama mtu anapita dirishani."

"Na ulipomeza?"

Kinyozi alilamba midomo. "Nilipomeza nikataka kingine, Shangazi. Nisamehe, ndiyo habari yenyewe."

Watu wakacheka. Mwalimu akaeleza alivyofanya: wameagizwa hospitali kwamba viazi vya mzee vikatwe vidogo, vichemshwe katika maji mengi, maji yamwagwe, vichemshwe tena katika maji mapya. Vikitoka hapo havina ladha hata ya kuongopea, ndipo akafikiria kuvipitisha kwenye kikaango chenye kitunguu saumu na kuvikamulia ndimu mwishoni kabisa, moto ukiwa umezimwa.

"Kwa nini mwishoni?" aliuliza mama mmoja.

"Nilipoikamulia mapema ikawa chungu, mzee akauliza nani kamkasirikia."

Fundi Saa alikuwa amekaa pembeni ya benchi akiomba moyoni wasifike kwake. Wakafika. Shangazi Mwiko alifungua chombo, akachota kijiko, akakiinamisha. Chakula kikatiririka kama maji ya kuoshea mchele.

"Kinyozi, fumba macho."

Kinyozi alifungua jicho moja. "Shangazi, mimi nina mke na watoto."

Kicheko kilizuka mpaka sufuria za ukutani zikaitikia. Fundi Saa naye alitabasamu, ila masikio yalimwaka moto. Shangazi Mwiko hakucheka. Alimtazama.

"Mgonjwa wako ni nani, baba?"

"Mke wangu. Kiharusi. Koo."

"Anakula amekaaje?"

"Kitandani. Nimemwekea mto mmoja."

"Na hiki umekifanya chepesi hivi kwa nini?"

Swali hilo Fundi Saa alikuwa na jibu lake, na kwa mara ya kwanza alisema maneno mengi kwa mkupuo. Katika saa, alieleza, mafuta mazito yanakwamisha gurudumu dogo. Ukitaka kitu kipite mahali pembamba palipochoka, unatumia mafuta mepesi kuliko yote. Mkewe alipokohoa alizidisha maji. Alipokohoa tena akazidisha tena. Koo lake ni pembamba na limechoka. Basi amempikia kama anavyoipaka saa mafuta.

Shangazi Mwiko akavuta viti viwili akavipanga, akamwomba Fundi Saa alale nusu, kichwa nyuma, kama mkewe.

"Fumba macho. Usimeze mpaka nikwambie."

Akamtilia kijiko. Chakula kile hakikungoja kuambiwa. Kilimteleza ulimini kabla hajajua kimefika, kikashuka chenyewe, baridi, bila jina, na kidogo kikaingia asikotaka. Fundi Saa aliinuka akikohoa, macho yamemtoka, mkono kifuani. Mwalimu alimpiga mgongoni. Kikohozi kilipotulia alibaki ameshika ukingo wa meza.

"Anaogopa," alisema taratibu. "Mimi nilidhani hataki. Kumbe ananiogopa mimi na kijiko changu."

"Hakuogopi wewe," alisema Shangazi Mwiko. "Anaogopa kitu kinachokimbia. Koo lililochelewa linataka chakula kinachosubiri. Mwambie muuguzi akuonyeshe tena, na safari hii uliza, usione haya. Hayo ya koo ni ya kwake. Mimi ni wa sufuria. Sasa niambie, mkeo alikuwa anapenda kula nini?"

Fundi Saa alipitisha akilini meza yao ya miaka yote ile: nyama alivyoipenda yeye, wali ulivyomkaa vizuri yeye, chai yenye sukari ya kiasi chake.

"Alikuwa anapika ninachopenda mimi," alijibu.

Hakuna aliyemcheka. Kinyozi aliangalia vidole vyake.

Baadaye, Shangazi Mwiko alipotoka kuchota maji, Fundi Saa alimsogelea mwalimu. Alikuwa ameona jambo, na kazi yake ilimfundisha kuona madogo: mama yule alionjesha kila mtu, yeye mwenyewe hakuonja hata mara moja.

"Hujui?" mwalimu alinong'ona. "Shangazi hasikii ladha. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, akateleza kwenye sakafu yenye maji, akapiga kisogo. Jeraha lilipona. Harufu haikurudi. Anasema chumvi na sukari anavisikia kama redio ya jirani, vingine vyote ni kimya."

"Sasa anapikaje?"

"Mwanzoni alilia. Wanafunzi walirudisha sahani zimejaa, maharage chumvi tupu. Akadhani basi, ndio mwisho. Kisha akaanza kuwafumba macho wale waosha vyombo na kuwalisha, wamweleze. Wafumbe macho wasione uso wake, maana wakiona uso wake watamwonea huruma na kusema kitamu. Akajifunza upya yote. Vitunguu kwa sikio, nyama kwa kidole, uji kwa uzito wa mwiko mkononi. Sisi ndio ulimi wake, Fundi. Anatuazima."

Fundi Saa alimtazama yule mama akirudi na ndoo, mnene kidogo, kanga imefungwa kiunoni, akimgombeza kuku aliyempita miguuni. Alikuwa amewahi kuona fundi mwenye mkono mmoja akirudisha pini ya saa mahali pake, akadhani hatashangaa tena maishani. Alikuwa amekosea. Mtu huyu alikuwa amesimama miaka mingi mbele ya vyakula ambavyo kwake vilikuwa ukuta mtupu, akaendelea kupika, na vikawa vitamu kwa wengine. Na hakuwa na kinyongo!

"Usinitazame hivyo, baba," Shangazi Mwiko alisema, akitua ndoo. "Wamekwambia, eeh? Haya. Menya boga."

Mchana ule walimfundisha wote kwa pamoja, wakikatizana. Kila kitu kipikwe peke yake, alisema mwalimu, ili karoti ibaki karoti. Ukivichanganya vyote unamnyima hata kujua anakula nini. Kinyozi akasema karoti usiichemshe, ichome polepole na kifuniko juu mpaka itoe sukari yake yenyewe. Mama mwingine, ambaye mwanawe maziwa humvimbisha, alimwonyesha namna ya kuponda kiazi na mafuta kidogo na mchuzi wa mifupa, kikawa laini bila tone la maziwa. Kuku asagwe na mchuzi wake mzito, kisha apitishwe kwenye chujio la waya, na kitakachobaki juu ya chujio akile Fundi mwenyewe. Kama kitu ni chepesi, usikiongezee unga ovyo, kitie kiazi kilichopondwa. Shangazi Mwiko akamwonyesha kipimo: inamisha kijiko, chakula kidondoke pu, kipande kimoja. Kikitiririka, rudi jikoni. Kikigandia kijikoni kama gundi, rudi pia.

"Na ukimpelekea," aliongeza, "mtajie. Mwambie hii ni karoti, hii ni kuku. Mtu asiyeweza kutafuna bado ana masikio."

Wakamfumbisha macho tena, safari hii amekaa wima, kidevu kimeshuka kidogo. Kijiko kikaja.

Chakula kilikaa ulimini mwa Fundi Saa kama kinamngoja. Kwanza utamu, wa taratibu, usio wa sukari. Kisha harufu ya moto. Kisha kitu kama udongo uliolowa mvua, safi. Alikuwa amekula karoti maisha yake yote, ndani ya mchuzi, chini ya chumvi, akiongea au akiwaza saa ya mtu. Hakuwahi kukutana nayo peke yake.

"Kimeanza nini?" aliuliza Shangazi Mwiko, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye njaa ya kujua.

Basi Fundi Saa, yule wa "mm," alimweleza yote, neno kwa neno, mpaka ile mvua. Shangazi Mwiko alisikiliza huku midomo yake ikichezacheza.

"Asante," alisema. "Miaka mingi sijaila karoti vizuri hivyo."

Kesho yake asubuhi Fundi Saa alipita kliniki, akamwendea muuguzi, akamwambia, uso ukimwiva kwa aibu, "Dada, siku ile sikuelewa. Naomba unionyeshe tena." Muuguzi wala hakushangaa. Alichukua kijiko na kikombe, akamwonyesha mwanzo hadi mwisho, na akamwambia wengi hawaulizi.

Nyumbani alimkalisha Mama Cheko kwenye kiti, mito pande zote mbili, miguu chini. Shemeji alisimama mlangoni na kitambaa begani, tayari kwa balaa. Juu ya sahani palikuwa na vilima vidogo: cha rangi ya chungwa, cha manjano, cheupe, cha kijani.

"Hii karoti," alisema Fundi Saa. "Hili boga. Huyu kuku, na kiazi. Hizi njegere."

Mama Cheko aliangalia sahani. Aliiangalia kwa muda mrefu, kama mtu aliyerudi kwao akakuta nyumba imepakwa rangi. Kisha akafungua mdomo.

Karoti iliingia. Fundi Saa aliitazama shingo ya mkewe, akaona ule uvimbe mdogo wa koo ukipanda, ukasita, ukashuka. Hakukohoa. Misuli yote ile iliyopokezana gizani, mmoja akimngoja mwenzake! Alitaka kuita majirani waje waone mtu akimeza.

Mdomo ulifunguka tena. Boga likaenda. Kuku akaenda. Alipoleta njegere, Mama Cheko alionja, akameza, kisha akakunja uso na kukisukuma kijiko kwa mkono wake mzima.

Fundi Saa alikivuta kijiko nyuma. "Basi, umechoka?"

Mama Cheko akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye boga.

"Hapendi njegere," alisema shemeji kutoka mlangoni, akicheka na kufuta macho kwa kitambaa kile kile. "Hajawahi kuzipenda hata siku moja, tangu tuko wadogo. Amekupikia njegere miaka yote hii, wewe mwanamume!"

Fundi Saa alibaki ameshika kijiko. Siku zote mkewe alikuwa anakataa chakula. Leo alikuwa amekataa njegere. Aliijua tofauti ya mambo hayo mawili, akachota boga.

Siku zilizofuata aligundua mengine. Ndimu mkewe aliipenda zaidi ya alivyodhania yeye, tangawizi kidogo pia. Ndizi mbivu aliitaka ivuguvugu, si ya baridi. Yai aliliridhia likiwa limepondwa na kiazi. Kila alichogundua alikipeleka kwenye Baraza, na siku moja aliongea muda mrefu kuhusu boga hata kinyozi akauliza nani amemwazima Fundi mdomo.

Siku ya kliniki muuguzi alimpandisha Mama Cheko kwenye mizani ya kiti. Fundi Saa alitazama ukuta. Alisikia kalamu ikiandika.

"Haujashuka," alisema muuguzi. "Umepanda kidogo." Akaenda kumwita daktari, daktari akaja, akamwangalia akimeza vijiko kadhaa, akasikiliza kifua. Akasema mpira usubiri. Waendelee hivi hivi, na warudi wapimwe tena, kwa kuwa safari bado.

Mama Cheko alifumba macho. Mkono wake mzima ulitafuta mkono wa shati wa mumewe, ukaushika, ukatulia hapo.

Walirudi nyumbani kwa barabara ya kawaida, yeye kwenye kiti cha magurudumu, Fundi Saa akisukuma, shemeji akitangulia kuondoa mawe. Penye kona muuza matunda alikuwa amepanga mapapai. Kiti kilipopita, Mama Cheko alitoa sauti. Fundi Saa akasimama.

"Papai?"

Akaitikia kwa kichwa.

Tayari alikuwa anafikiri: litakuwa na maji, itabidi liwekwe kwenye chujio lichuruzike, labda liungwe na ndizi, na jioni amuulize Shangazi. Akaokota moja lililokuwa karibu, akalionyesha.

Mama Cheko alilitazama lile papai jinsi alivyokuwa akitazama vitu sokoni enzi zake, wakati wauzaji walipokuwa wakimwona kwa mbali na kuanza kuficha vilivyopondeka. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole nyuma kabisa, chini ya mengine, kwenye moja la manjano lenye doa moja la kijani.

"Lile," alisema.

Lilikuwa neno zima, limekamilika mbele na nyuma. Muuza matunda, ambaye hakujua lolote, alianza kuondoa mapapai mengine ili alifikie, huku Fundi Saa akiwa amesimama katikati ya watu waliokuwa wanapita, papai la kwanza likiwa bado mkononi.

"Umesikia mwenyewe," shemeji alimwambia muuzaji. "Lile."